Nesi wa wodi ya kiharusi nataka kusoma nyurosayansi ya utambuzi na ya kliniki: takwimu nitaziweza, na wagonjwa nitawaona?

NesiWaZamu

Habari zenu wakuu. Mimi ni nesi mwenye shahada ya kwanza ya uuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa nipo wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya nyurosayansi ya utambuzi na ya kliniki (jinsi ubongo unavyofanya kazi za akili kama lugha na kumbukumbu, na kinachotokea ukiumia), mwaka mmoja, na chuo kinasubiri jibu langu. Kabla sijajibu naomba mawazo ya waliopita huko.

Kilichonivuta ni wagonjwa wenyewe. Kuna mzee mmoja (ya kumtambulisha nimeyaacha) anakula chakula cha upande wa kulia wa sahani tu, cha kushoto hakigusi, halafu analalamika kuwa hajashiba. Ukimzungushia sahani anashangaa chakula kimetoka wapi. Macho yake yamepimwa, hayana tatizo la kueleza jambo hilo. Mwingine ni mama anayeelewa kila unachomwambia. Mwambie aonyeshe dirisha kwa kidole, ataonyesha. Kusema ndiko kumemshinda: ana neno moja tu, analirudia na kulirudia mpaka machozi yanamtoka. Mimi namgeuza, nampa dawa, nampima presha, naandika kwenye faili. Kwa nini kwake imeondoka lugha na si kumbukumbu, hilo sijui, wala kwenye uuguzi hatukulisoma kwa undani.

Maswali yangu ni haya. Nikimaliza nitaruhusiwa kuwatibu wagonjwa wa namna hii? Hesabu niliziacha sekondari, sasa kwenye maelezo ya kozi naona takwimu na kuandika programu, nitaweza? Na je, kuna wagonjwa huko, au ni kuangalia picha za ubongo mwaka mzima?

---

FundiPicha

Dada, mimi ni mtaalamu wa mionzi, watafiti huja kutumia mashine yetu ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Nijibu la kwanza maana ndilo watu hulielewa vibaya: hapana. Shahada hiyo peke yake haikupi leseni ya kutibu. Daktari wa mishipa ya fahamu anapitia udaktari kwanza kisha ubingwa. Mwanasaikolojia tiba ana njia yake, mtaalamu wa tiba ya usemi naye ana yake, na kila mmoja anasajiliwa na baraza la taaluma yake. Neno "kliniki" kwenye jina la kozi maana yake mnasoma magonjwa na mnajifunza kuwafanyia utafiti wagonjwa. Leseni yako ya uuguzi unabaki nayo, usiiache ikaisha muda.

Hayo mengine nawaachia waliosoma.

---

Bi Isimu

Dada nesi, karibu. Mimi niliingia kwenye kozi ya aina hii nikitokea isimu, sijawahi kushika sindano wala kuvaa koti jeupe, na sasa ni msaidizi wa utafiti kwenye mradi wa afasia, yaani kupoteza lugha kwa sababu ya kuumia ubongo, kama huyo mama yako. Nitaandika kirefu, kwa sababu hao wagonjwa wawili uliowataja ni mtaala mzima wa muhula wa kwanza.

Nianze na mzee wa sahani. Hali yake inafanana sana na ile ya kutojali upande mmoja, ambayo mara nyingi hutokea kiharusi kikiumiza upande wa kulia wa ubongo, hasa eneo la parietali, juu kuelekea nyuma. Mtu wa kawaida akisikia atasema mzee haoni kushoto. Sasa sikiliza walichofanya Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti kule Milano, wakakichapisha mwaka 1978. Waliwachukua wagonjwa wawili wa hali hiyo, wenyeji wa mji, wakawaomba wafikirie wamesimama kwenye uwanja mkubwa wa mji, wakilitazama kanisa kuu, kisha wataje majengo wanayoyaona kichwani. Walitaja ya kulia, ya kushoto wakayaacha. Kisha wakaombwa wafikirie wamesimama mlangoni mwa kanisa, wamelipa mgongo, wanautazama uwanja kutoka upande wa pili. Wakayataja yale waliyoyaacha mwanzo, kwa kuwa sasa yalikuwa kulia, na yale waliyokwisha kuyataja wakayaacha!

Fikiri hapo. Hakuna macho yaliyotumika. Majengo yote wanayajua, kumbukumbu ipo. Kilichopotea ni uwezo wa kuielekea nusu ya nafasi, hata nafasi iliyo ndani ya fikra. Jaribio lile halikuhitaji mashine, lilihitaji mtu aliyekaa na wagonjwa akajiuliza swali sahihi. Mimi nilipolisoma sikulala mapema siku hiyo. Wewe unayekaa nao usiku kucha una mtaji ambao wengi wetu darasani hatukuwa nao.

Sasa yule mama. Mwaka 1861 Paul Broca alikutana mjini Paris na mgonjwa aitwaye Leborgne ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisema "tan" tu, na watu walimwita hivyo. Maneno ya wenzake aliyaelewa kwa kiasi kikubwa. Alipofariki, Broca aliukagua ubongo akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele chini, na eneo hilo likabeba jina lake hadi leo. Hayo utayakuta kwenye kitabu chochote. Ninachopenda zaidi ni kilichofuata. Broca hakuukata ubongo ule vipande, aliuhifadhi mzima. Mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake walichapisha picha zake za MRI, na jeraha likaonekana limeingia ndani zaidi kuliko Broca alivyoweza kuona kwa juu, likigusa nyuzi zinazounganisha maeneo ya mbele na ya nyuma. Tangu miaka ya 1970 ilishaonekana pia kwamba mtu akiumia eneo la Broca peke yake, mara nyingi usemi wake hurudi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "lugha inakaa hapa" huku ananyooshea picha kidole, una haki ya kumuuliza: ushahidi wako unakuruhusu kusema hivyo? Kwangu mimi hilo ndilo swali kozi nzima inakufundisha kuuliza, kwenye wodi na kwenye kompyuta.

Umeuliza kwa nini lugha iondoke kumbukumbu ibaki. Jibu fupi ni kwamba kila moja inategemea sehemu na njia zake, na kiharusi kinaumiza pale mshipa ulipoziba au kupasuka. Jibu refu ni namna tulivyojua. Mwaka 1953 Henry Molaison, ambaye vitabu vilimwita H.M. mpaka alipofariki mwaka 2008, alifanyiwa upasuaji wa kifafa ukamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Ukimtajia tarakimu chache anazirudia vizuri, ukitoka chumbani ukarudi hakujui. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo, na kwa siku tatu mkono ukazidi kuwa stadi, ilhali yeye hakumbuki kama amewahi kuifanya kazi hiyo. Kisha mwaka 1969 Elizabeth Warrington na Tim Shallice wakaeleza mgonjwa K.F. aliyekuwa kinyume chake: tarakimu hata mbili zilimshinda kuzirudia kwa uhakika, lakini kujifunza mambo ya kudumu aliweza.

Waweke hao wawili pamoja. Kama ungekuwa na H.M. pekee, mtu angeweza kusema kumbukumbu ya kudumu ni kazi ngumu zaidi, ndiyo maana ubongo ulioumia unashindwa nayo kwanza. K.F. anakataza jibu hilo. Jozi ya namna hii tunaiita mtengano wa pande mbili, na utaulizwa kwenye mtihani, lakini zaidi ya mtihani itakukaa kichwani kila unapopokea wagonjwa wapya. Utaanza kuwatazama wawili wawili.

Kuhusu takwimu. Utaziweza, ila usizichukulie kama ushuru wa kulipa ili upite. Ndizo zinazokuzuia kusema uongo bila kujua. Mashine ya MRI inapopima kazi za ubongo haioni mawazo, na wala haioni umeme wa seli. Inaona mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, njia ambayo Seiji Ogawa na wenzake waliieleza mwaka 1990. Seli zikifanya kazi damu huongezeka pale, lakini taratibu, kilele chake huja baada ya sekunde 5 au 6 hivi. Kasi ya mawazo ni kubwa kuliko hiyo, ndiyo maana wengine hutumia EEG, elektrodi juu ya kichwa, ambayo inafuata mambo kwa milisekunde lakini mahali hasa yanapotokea haikuonyeshi vizuri.

Sasa picha ya MRI imegawanywa vipande vidogo viitwavyo vokseli, makumi ya maelfu. Chukua 60,000. Ukikipima kila kipande kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, yaani unakubali kudanganywa na bahati mara 5 kati ya 100, hata kama hakuna chochote kinachoendelea, vipande kama 3,000 vitawaka kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake waliingiza samaki aina ya samoni kwenye mashine, samaki aliyekufa, wakamwonyesha picha za watu wenye hisia mbalimbali. Bila kusahihisha wingi wa vipimo, vokseli kadhaa za ubongo wa samaki zilionekana "zinafanya kazi". Waliposahihisha, zikapotea zote. Ukielewa kwa nini, umeelewa nusu ya takwimu utakazofundishwa. Hesabu zenyewe ni kujumlisha, kugawanya na grafu, kompyuta inafanya mengi. Kinachotakiwa kwako ni kufikiri.

Programu nazo jifunze mapema, R au Python, yoyote chuo chako kinayotumia. Usisubiri kozi ianze. Chukua jedwali dogo la data, lifungue, tafuta wastani, chora grafu, rudia kesho. Wenzangu wengi waliotokea uuguzi na saikolojia walipata shida mwezi wa kwanza kwa sababu ya kompyuta, si kwa sababu ya ubongo.

---

MwanasaikolojiaTiba

Bi Isimu kaeleza vizuri, lakini naomba niwe upande mwingine kidogo kwa ajili ya nesi. Mimi natathmini na kuwafanyia wagonjwa wa kiharusi mazoezi ya kurejesha uwezo. Nesi, ukiniambia shida yako ni kutaka kumsaidia yule mama aseme, ningekushauri uangalie tiba ya usemi moja kwa moja. Mwaka wa nyurosayansi utakupa uelewa mkubwa, na ukirudi wodini utarudi na kazi ileile.

Pengo kati ya kuelewa na kutibu ni kubwa kuliko wanavyodhani wanafunzi. Nitoe mfano wa mzee wako. Mwaka 1998 Yves Rossetti na wenzake walionyesha kwamba ukimvalisha mgonjwa wa kutojali kushoto miwani ya prizimu inayosogeza kila kitu kulia, akafanya zoezi la kugusa alama mbele yake kwa dakika chache, mkono unajirekebisha kuelekea kushoto. Ukiivua, bado anaelekea kushoto zaidi kuliko mwanzo, na dalili zake zinapungua. Wazo zuri mno, limetoka moja kwa moja kwenye utafiti wa jinsi ubongo unavyooanisha jicho na mkono. Lakini majaribio yaliyofuata, makubwa zaidi, yametoa majibu yanayopingana kuhusu kama nafuu hiyo inadumu na kama inamsaidia mtu kula, kuvaa na kutembea. Mimi ninayekaa na mgonjwa na familia yake siwezi kuwaambia "nadharia ni nzuri". Wananiuliza atavaa shati mwenyewe lini.

---

NesiWaZamu

Asanteni sana, kwa kweli sikutegemea majibu ya kina hivi. MwanasaikolojiaTiba, nimekaa na maneno yako. Nataka vyote viwili, kujua na kusaidia, ila nikisema ukweli wa moyo wangu, kinachoninyima usingizi ni "kwa nini". Habari ya uwanja wa Milano nimewasimulia wenzangu wa zamu, na jana nilimwomba mzee anieleze chumba chake cha nyumbani akiwa amesimama mlangoni. Sitasema zaidi kwa kuwa sijui kama niliuliza inavyotakiwa.

Swali jipya kwa Bi Isimu: je, tasnifu yangu ningeweza kuifanya na wagonjwa wa wodi yangu mwenyewe? Ninao pale kila siku.

---

Bi Isimu

Dada, hapo twende polepole. Kumwomba mzee akueleze chumba chake kama sehemu ya mazungumzo na uangalizi ni jambo jema. Ila siku utakapoandika majibu yake ili uyatumie kwenye utafiti, mambo yanabadilika, na inatakiwa yabadilike.

Kwanza kibali cha kamati ya maadili. Utafiti wa wagonjwa huwa unapita kwenye kamati ya hospitali na ya chuo, na barua zinakwenda na kurudi. Kwa kozi ya mwaka mmoja muda huo unaweza kula nusu ya tasnifu. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa uzamili huingia kwenye mradi wa msimamizi ambao una kibali tayari, au hutumia data zilizokwisha kukusanywa. Mimi nilifanya hivyo na sikupungukiwa kitu.

Pili, na hili kwangu ni zito kuliko karatasi zote: wewe ndiye unayempa dawa. Ukimwomba mgonjwa ashiriki kwenye utafiti wako, atajisikia huru kukataa? Wengi watakubali ili wasikuudhi. Njia inayotumika ni kumtafuta mtu mwingine, asiyemhudumia, ndiye aeleze na kuomba ridhaa, na mgonjwa aambiwe wazi kwamba akikataa huduma yake haipungui. Kwa mwenye afasia lipo na la ziada. Fomu ya kurasa nne aliyoandikiwa mtu mwenye lugha kamili haimfai. Tunatumia sentensi fupi, picha, ishara ya ndiyo na hapana, na tunahakiki kwa kumuuliza jambo lilelile kwa namna mbili. Mtu asiyeweza kusema si mtu asiyeweza kuamua. Yule mama wa dirisha anaelewa, kwa hiyo uamuzi ni wake, si wa mtoto wake aliyesimama pembeni ya kitanda. Nimeona mara nyingi ndugu akijibu kwa niaba, kwa upendo kabisa, na mgonjwa akitikisa kichwa kukataa bila mtu kumtazama.

Tatu, utahitaji watu wazima wasio na kiharusi wa kulinganisha nao, wa umri na elimu inayokaribiana na ya mgonjwa. Bila hao hujui kama kushindwa kwake ni kwa kiharusi au ni kwa uzee na kukosa shule. Vipimo vingi vya utambuzi vinategemea kusoma, kuandika na kushika kalamu. Mzee ambaye hakuwahi kuchora saa maishani mwake akiichora vibaya, umepima nini?

Usiogope kwamba wagonjwa wako ni wachache. Ipo njia ya kumpima mtu mmoja dhidi ya kundi dogo, John Crawford na David Howell waliipendekeza mwaka 1998, ni jaribio la t (kipimo cha takwimu cha kulinganisha wastani) lililorekebishwa kwa hali hiyo. Kundi la watu 15 au 20 wasio wagonjwa linaweza kutosha kwa kazi ya uzamili, mradi swali lako liwe jembamba. Usiulize "kutojali upande mmoja kunaathirije maisha". Uliza kitu kimoja kinachopimika, kwa mfano kama mgonjwa anayekosea kugawa mstari katikati kwenye karatasi anakosea vilevile akiombwa kugawa umbali kati ya namba mbili kichwani. Hilo nimelitaja kama mfano tu, limeshafanyiwa kazi na wengine, lakini unaona wembamba wake.

MwanasaikolojiaTiba, sipingani nawe kuhusu lile pengo. Nasema tu kwamba wanaotakiwa kulifupisha ni watu waliokaa pande zote mbili, na hao ni wachache. Mwanafunzi anayejua mgonjwa anachoka saa ngapi, anayejua kwamba asubuhi baada ya dawa fulani umakini unashuka, huyo data zake zitakuwa safi kuliko zangu.

---

MwanasaikolojiaTiba

Hilo la uchovu nakuunga mkono kwa mikono miwili. Nimesoma ripoti nyingi za vipimo ambazo ukiangalia saa vilipofanyika unaelewa matokeo bila kuendelea. Nesi, ukienda, peleka maarifa hayo darasani na usione haya kuyasema mbele ya wahadhiri.

---

NesiWaZamu

Nimeamua kukubali nafasi, ila kabla ya kutuma jibu nimemwandikia mkuu wa kozi kumuuliza mambo matatu: kama kuna mradi wa kiharusi wenye kibali tayari, wanatumia R au Python, na kama mwanafunzi anayeendelea na zamu za usiku mara moja moja anaweza kumudu ratiba ya maabara. Leseni nimeihuisha, asante FundiPicha.

---

Bi Isimu

Ongeza la nne, dada: nani atakuwa msimamizi wako, na mara ya mwisho lini yeye mwenyewe alikaa na mgonjwa. Akijibu ni R, niandikie, nina mazoezi ya kuanzia yenye data za kubuni za wagonjwa wa kutojali upande mmoja. Wiki ya kwanza fanya moja tu: chora grafu ya makosa yao ya kugawa mstari, mgonjwa mmoja mmoja, kabla hujatafuta wastani wowote.